Nyumba za Pwani katika kuta za Nairobi

UKIALIKWA chai Lavington, Westlands au hata Kangemi, si ajabu kuikuta ukutani ile picha tunayoijua sote. Nyumba nyekundu, za manjano na za samawati zimebanana kando ya bahari, minazi miwili imeinama, jahazi limetweka tanga. Aghalabu imenunuliwa katikati ya jiji, kwenye Soko la Maasai la Jumamosi, karibu na Mahakama Kuu.

Muuzaji atakwambia ni Lamu. Hapo ndipo pana maneno.

Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta za nje ni nyeupe iliyochujuka ikawa kijivu, na mvua huzitia weusi. Vichochoro ni vyembamba, punda wawili hupishana kwa taabu. Hapa na pale juu ya njia kuna wikio, yaani chumba kinachounganisha nyumba mbili zinazotazamana. Mpita njia haoni pambo kubwa isipokuwa mlango wa kuchongwa. Uzuri uko ndani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo wenyewe waliweka vyombo vya kauri vya ng'ambo. Sisi wa Nairobi tumeigeuza nyumba hiyo kama shati, ndani ikawa nje.

Bibi mmoja mzaliwa wa Lamu, ambaye wajukuu zake wanakulia Kangemi, aliishika picha kama hiyo pale sokoni akamuuliza mchoraji, "Mwanangu, watu wa nyumba hii huingilia wapi?" Kweli, nyumba saba na mlango hakuna hata mmoja! Kijana akacheka. "Mama, mimi mwisho wangu ni Mtito Andei. Lakini ya kijivu hainunuliwi."

Simlaumu. Anachora tunachokinunua. Isitoshe, Pwani yenyewe hupenda rangi. Mwaka 2018 kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji wayapake nyeupe na samawati. Tena jua la magharibi likipiga chokaa, ukuta wa kijivu huwa wa dhahabu kabisa. Mchoraji aliyeuona ana haki ya kuupaka manjano. Ndiyo maana tamasha la wachoraji la Lamu, lililoanza mwaka 2011, huwaweka wasanii vichochoroni na pwani, wachore wanachokiona.

Kwa hivyo, wazazi na wanafunzi mnaokwenda sokoni, msihesabu rangi. Tazameni kivuli: je, vyote vyaangukia upande mmoja? Kuna baraza ya kukalia? Kuna mtu, punda, au hata paka? Tanga la jahazi ni la pembe tatu?

Na mkipatana bei, kumbukeni kwamba rangi, kitambaa na fremu hununuliwa kwa pesa taslimu, hata na yule anayerudia picha ileile mara hamsini.

Yule bibi aliinunua, kwa sharti moja. Kijana alichukua brashi papo hapo akatia mlango wa kahawia. Aliuweka juu kidogo, utadhani dirisha.