Karatasi ya talaka haigawi nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenzangu wa Tanga, Pangani na Muheza. Inaudhi kuona mwanamke akiachwa na kipande cha karatasi ya daftari chenye sahihi za mashahidi, akidhani mambo yamekwisha. Wapo wanaosema talaka ya dini inatosha. Kidini, sawa, lakini akidai haki yake katika nyumba waliyochuma pamoja, hakimu ataulizia hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lianzie huko. Usuluhishi ukishindikana ndipo mahakama, hata ya mwanzo, ivunje ndoa na kugawa mali. RITA, wakala wa serikali wa usajili, nayo husajili talaka. Wahusika, bandikeni utaratibu huu kwenye mbao za matangazo za kata.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga