Mabaki ya Kitambaa ni ya Nani?

Mwezi wa Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, mafundi cherehani wa Galbet na wa mitaa mingine ya mji wa Garissa huwa hawana nafasi hata ya kunywa chai. Mzazi huleta kitambaa cha sare, fundi humpima mtoto, hukata, hushona, na nguo hutoka. Lakini chini ya meza hubaki kitu ambacho watu wachache hukitazama: kipande cha urefu wa mkono, kingine cha shubiri mbili, kingine chembamba kama mshipi. Aghalabu vipande hivyo hufagiwa pamoja na vumbi, ama hugeuka matambara ya kufutia mafuta ya mashine.

Na katika mtaa huo huo yupo mtoto asiyekwenda shule kwa kuwa hana nguo ya kwendea. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa nchini Kenya mwaka 2003, walakini sare imebaki juu ya mzazi. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, toka mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwishoni mwa 2022, wafugaji wengi wa Kaskazini Mashariki walipoteza mifugo yao, na wako waliohamia mjini bila kitu mkononi. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya kupita kiasi, na mwezi wa Aprili na Mei wa 2024 mto Tana ukafurika tena ukawatoa watu majumbani. Mtu aliyekimbia maji usiku hakumbuki sare ya mtoto.

Basi ni wazo jema kuvikusanya vipande hivyo na kuwashonea watoto wa namna hiyo. Lakini kabla mkasi haujashikwa kuna swali moja ambalo hapana budi lijibiwe: mabaki yale ni mali ya nani?

Fundi mwingine atasema ni yake, maana yamebakia mezani pake. Hilo si kweli. Kitambaa kilinunuliwa na mteja, na fundi alikipokea kama amana. Kilichobaki ni cha mwenye kitambaa mpaka mwenyewe aseme vingine. Ugomvi wa mteja na fundi juu ya jambo hili ni wa zamani sana, na si ajabu kwamba wako wateja wasiobanduka mlangoni mpaka wamekiona kitambaa chao kikikatwa. Katika mji wa Waislamu kama Garissa, kila mtu anajua kwamba sadaka hutolewa katika mali ya halali. Mtu atoaye kitambaa cha jirani yake bila ruhusa, hata kama kimemfikia yatima, amefanya ukarimu kwa mfuko wa mwingine.

Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuuliza. Siku mama anapokuja kuchukua nguo, fundi humwonyesha kilichobaki na kumwambia, “Eddo, kitambaa chako kimebaki robo mita. Utakichukua, au nikitie katika fungu la watoto?” Akikitaka, apewe bila kununiwa. Akikiacha, amekwisha kuwa mtoaji yeye mwenyewe, na pengine mwakani ataleta kikubwa zaidi. Maneno hayo hayafiki nusu dakika. Fundi akiwa ameandika juu ya kila kipande jina la shule yenye rangi ile, kazi ya mbele itakuwa imepungua sana.

Maana faida ya kitambaa cha sare ni hiyo: watu kumi wa shule moja huleta rangi moja. Mabaki ya madera ya sikukuu, ijapokuwa ni mazuri, kila moja lina ua lake, na ukiyaunga hutoka nguo ya viraka. Mabaki ya sare huweza kuungana yakawa nguo nzima. Walakini hesabu ya karatasini na hesabu ya mkasi si moja. Vipande vinne vya robo mita havifanyi mita moja ya kitambaa. Vinafanya vipande vinne. Kwa hiyo mshonaji asianze na nguo anayoitaka akatafuta kitambaa chake, bali aanze na kitambaa alicho nacho akatafuta nguo iliyomo ndani yake. Sketi ya vipande sita inafaa kupita zote, kwa sababu hata ikishonwa kwa kitambaa kizima ina mishono ile ile. Kola, mfuko na vikofi vya mikono vyatoka katika vipande vidogo. Mgongo wa shati waweza kuungwa katikati ukaonekana ni mtindo. Hijabu ndiyo ngumu, kwa kuwa inataka kipande kipana kisicho na mshono kwa mbele. Hiyo afadhali inunuliwe.

Kuna mambo mawili ambayo huharibu kazi hii. La kwanza ni kupuuza mtande na mshindio. Vipande vyote vya sketi sharti nyuzi za mtande ziteremke chini, la sivyo nguo ikifuliwa mara mbili itajipinda. La pili ni rangi. Kitambaa cha buluu cha jora hili si buluu ya jora lile, na chini ya taa huwezi kuijua tofauti. Vipande vilinganishwe nje, juani, na katika Garissa jua si kitu cha kutafutwa. Pamba ifuliwe kwanza kabla ya kukatwa, ili ipungue ikiwa bado kitambaa, isije ikapungua ikiwa mwilini mwa mtoto.

Msomaji ataona kwamba maneno haya yote yanaelekea jambo moja, nalo ni kwamba nguo ya msaada isijulikane kuwa ni ya msaada. Mtoto ajuaye kwamba wenzake wanamtambua kwa nguo yake ataivaa siku ya kwanza, na siku ya pili atasema anaumwa na tumbo. Huko Marekani wako akina mama wema washonao magauni ya watoto kwa foronya za mito, wakakata nafasi ya mikono na kupitisha utepe mabegani, kisha wakayapeleka Afrika. Nia ni njema na kazi ni safi. Lakini binti wa Galbet aliyezoea kufunika mabega yake atalifanyia nini gauni lile? Mshonaji wa mtaani anamjua mtoto, shule yake na desturi ya nyumbani kwao. Ujuzi huo haununuliwi dukani.

Wa kushona wapo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa Kenya mwaka 1952, ushonaji ulikuwa miongoni mwa mafunzo ya vilabu vyake, na vikundi vya wanawake havijapungua tangu hapo. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, mafundi wa Kenya waligeuza mabaki yao barakoa kwa muda wa siku chache tu. Vijana wanaojifunza cherehani wanaweza kusaidia kukata na kupiga pasi, lakini mshono wao wa kwanza wasipewe yatima auvae. Wajifunzie kwa matambara.

Lipo na suala la uzi na vifungo. Kitambaa kimetoka bure, uzi hautoki bure, na fundi aliyekwisha kutoa usiku wake asitozwe uzi pia. Watu watano wa msikiti mmoja wakichanga shilingi chache kila mwezi, jambo hilo limekwisha.

Tena kuna hesabu ya miezi. Mabaki huja kwa wingi Januari, wakati ambao fundi hana mkono wa kushonea wa bure, na mtoto anaihitaji sare Januari hiyo hiyo. Kwa hiyo vipande vya Januari viwekwe katika gunia kavu, mbali na panya, vishonwe likizo ya Aprili na ya Agosti, kwa vipimo vya mtoto na inchi mbili zaidi. Upindo wa chini uwe mpana, uliokunjwa mara mbili, maana mtoto aliyepimwa Agosti si yule atakayeivaa sketi ile mwaka ujao.