Hukumu za Ituri zisomwe Bunia

Msichana wa Boga, hapa mkoani Ituri, anayefika Bunia kusomea sheria, teolojia au ualimu ana haki ya kufundishwa fikra za kifeministi za leo kama somo kamili, lenye saa zake, vitabu vyake, mtihani wake na mwalimu aliyelisomea. Semina ya siku mbili inayolipiwa na mfadhili si somo. Huo ndio msimamo wetu, na tunauelekeza kwa wakuu wa Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom na Chuo Kikuu cha Anglikana cha Kongo bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sehemu ya fikra hizo imezaliwa na maumivu ya mkoa huu. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la UPC, kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani hapa Ituri. Mashahidi walieleza jinsi wasichana walivyobakwa ndani ya jeshi lilelile lililowachukua. Lakini ubakaji haukuwamo katika mashtaka, na majaji wawili kati ya watatu wakauacha nje. Wa tatu, Elizabeth Odio Benito wa Kosta Rika, alikataa. Aliandika kwamba kumdhulumu msichana kingono kambini ni sehemu ya kule kumtumia vitani, na kwamba mahakama isiyotamka hivyo inauficha uovu wenyewe.

Tarehe 8 Julai 2019 mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani Bosco Ntaganda, kamanda katika jeshi la UPC, kwa makosa 18, yakiwemo ubakaji na utumwa wa kingono dhidi ya watoto wa kikosi chake mwenyewe. Mawakili wake walikuwa wamedai kwamba sheria za vita hazimlindi askari dhidi ya wenzake wa jeshi moja. Majaji wa rufaa waliitupa hoja hiyo mwaka 2017. Ntaganda akahukumiwa miaka 30.

Ni nani anayehesabiwa kuwa ametendewa uovu? Sheria inaponyamaza, inamlinda nani? Maswali hayo ndiyo kiini cha ufeministi, na wasomi wa nchi za mbali wanayachambua wakitaja Mongbwalu, Sayo na Kobu, maeneo ya Ituri yaliyomo katika hukumu ya Ntaganda. Mwanamke wa Ituri ameandikwa katika ripoti na mafaili yasiyohesabika. Amehojiwa, amepigwa picha, amefichwa jina kwa usalama wake. Ni lini ataandika yeye, aseme sheria ilipomkosea na inavyopaswa kuandikwa upya? Chuo kikuu kisichomfundisha kufanya hivyo kimekubali abaki shahidi katika vitabu vya wengine.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hoja hiyo haina miguu, na Boga kuliko mahali pengine popote hapawezi kuisema. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alikuja huko kutoka Uganda mwaka 1896 na akazikwa hapohapo mwaka 1933. Watu wa Boga waliyapima mafundisho yake kwa ukweli wake, wala hawakumuuliza ametoka ng'ambo ipi ya mto Semliki. Tena teolojia ya wanawake wa Afrika ina wenyewe: Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake waliunda umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika mwaka 1989. Na hapa Bunia, mwaka 2000, vita vikiwaka, Julienne Lusenge na wanawake wenzake walianzisha shirika la SOFEPADI kuwahudumia na kuwatetea waliobakwa. Umoja wa Mataifa ulimpa Lusenge tuzo yake ya haki za binadamu mwaka 2023. Mzungu gani aliwatuma?

Nyumbani pia kuna la kusoma. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kusaini mkataba. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaifuta idhini hiyo, lakini yakaacha mume ndiye mkuu wa kaya, ilhali Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaiagiza serikali iondoe kila aina ya ubaguzi dhidi ya mwanamke. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, Boga na Tchabi zilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa. Waliobaki wajane wanaongoza kaya leo, wanasaini, wanalipa minerval, yaani ada ya shule, ya watoto. Mwanafunzi wa sheria asiyeweza kueleza mgongano huo wa Katiba na Sheria ya Familia hajaiva kupewa diploma.

Kisingizio cha fedha hatukipokei. Hukumu za mahakama ni za wazi, hazinunuliwi. Kinachohitajika ni karatasi na wino. Kuhusu walimu, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha idara ya masomo ya wanawake mwaka 1991, na Kampala iko karibu na Bunia kuliko Kinshasa. Chuo kimtume mhitimu wake mmoja, mwanamke, akasome huko arudi kufundisha. Wakati huo huo, mwanafunzi anayetaka kuandika TFC yake, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, juu ya hukumu hizi apewe msimamizi, asiambiwe atafute mada nyingine.

Mwaka wa masomo ujao ukifunguliwa na somo hili halimo kwenye ratiba, tutawauliza wakuu wa vyuo hivyo vitatu sababu, mmoja mmoja, na majibu yao tutayachapisha.