Chaja Yako Ikiingia Kazini, Ni ya Nani?

Asubuhi za Julai huko Kitengela ni za baridi kali, na upepo wa uwanda wa Athi haumhurumii mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu. Basi si ajabu, ndugu msomaji, ukiingia katika ofisi nyingi za mji huo ukakuta birika la umeme chini ya meza, hita ndogo nyuma ya mlango, na simu nne au tano zimelala sakafuni zikila stima kutoka ekstensheni moja. Vitu hivyo vyote vimetoka nyumbani. Havimo katika daftari la mali ya kampuni, na kwa kuwa havimo, hakuna anayevikagua.

Mimi mwenyewe nilipata kupigwa na stima na birika la namna hiyo, katika ofisi ambayo sitaitaja. Mkono mmoja nilikuwa nimeushika mpini wake na mwingine ulikuwa juu ya mfereji wa maji. Nilirushwa nyuma nikaangukia kiti, na bega likaniuma siku tatu. Birika lilikuwa la dada mmoja mkarimu aliyetupikia chai sote. Waya wake ulikuwa umechubuka, ukafungwa kwa utepe, na plagi yake ya miguu mitatu ilikuwa imeondolewa, ikatiwa ya miguu miwili. Nilipomwendea mkubwa wetu alinijibu, "Lakini birika hilo si la kampuni."

Naam, si la kampuni. Lakini soketi je? Na ukuta, na waya uliomo ukutani, na mimi niliyeajiriwa nifanye kazi humo? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Inataka pia mahali pa kazi pakaguliwe usalama wake angalau mara moja kila miezi 12, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kwa maoni yangu wajibu huo haukomi pale daftari la mali linapokoma.

Wengi wetu hudhani fyuzi iliyomo katika plagi humlinda mtu. Sivyo. Fyuzi hulinda waya usiungue. Ile ya ampia 13 haitakatika kwa sababu ya stima inayopita mwilini mwako, ilhali ampia 0.03 tu zikipita kifuani zaweza kuuvuruga moyo. Anayekulinda ni ule waya wa tatu, wa rangi ya kijani na manjano, unaopeleka stima iliyovuja ardhini, pamoja na ile swichi ya ukutani inayojikata yenyewe ikihisi uvujaji wa miliampia 30. Aliyeng'oa mguu wa tatu wa plagi ya lile birika alikuwa ameniondolea mlinzi wangu bila kujua.

(Sisi Wakenya tuliita umeme "stima", neno lile lile la meli za moshi. Pengine ndiyo sababu twauchukulia kama kitu kinachotoa onyo la mvuke na kelele kabla ya kudhuru.)

Mahali panapotisha kuliko ofisi ni kwa kinyozi. Vijana wengi hukodi kiti tu na kuja na mashine zao wenyewe. Mashine hiyo hupita shingoni mwa mtu baada ya mtu, waya wake ukijikunja na kunyooka mchana kutwa pale pale unapoingilia. Mwenye duka husema mashine si yake, mwenye mashine husema soketi si yake, na mteja amefumba macho.

Sasa wapo waajiri ambao, wakisikia haya, watabandika tangazo ukutani: Ni marufuku kuleta chaja kazini. Hapo siwaungi mkono kabisa. Katika kaunti ya Kajiado ziko boma nyingi ambazo stima haijafika, na mtu atokaye huko akija kazini mjini hana pengine pa kuchajia simu yake, ambayo ndiyo mfuko wake wa pesa. Kumwita mwizi wa stima ni uonevu. Kuijaza simu hakumgharimu mwajiri hata shilingi moja. Na marufuku hayaondoi birika. Hulificha tu nyuma ya kabati, ambako hakuna jicho litakaloona waya uliochubuka.

Tena kazi yenyewe si kubwa. Waingereza, ambao plagi zetu za miguu mitatu tulizipata kwao, wana kanuni za umeme kazini za mwaka 1989, na hata hizo hazisemi kila kitu kipimwe kila mwaka. Ukaguzi hufuata hatari ya kifaa. Kasoro nyingi huonekana kwa macho: waya uliopasuka, plagi iliyobabuka, soketi yenye doa la moshi. Mengine apime fundi mwenye leseni ya EPRA. Asisahau ekstensheni. Birika la wati 2,000 hula ampia 8 na zaidi, na hita ya kiasi hicho hicho hula nyingine 8. Ukiziweka pamoja umekwisha pita 13. Afadhali mwajiri anunue birika moja zuri la wote kuliko kuvumilia matano mabovu.

Yule dada alilitupa birika lake siku ile ile, akalia, akaniomba msamaha ambao hakuwa na deni lake. Amenunua jingine la miguu mitatu. Ekstensheni ni ile ile, na mkubwa wetu bado hajamwita fundi.