Baba, Mwachie Mtoto Ndege Yake



Kurasa hizi kwa kawaida hushughulika na mambo mazito, na wapo miongoni mwenu watakaoona kuwa mwezi huu tumepungukiwa na la kusema. Tunataka kuzungumzia ndege ya kuchezea, ile iongozwayo kwa rimoti, na hasa tunataka kumzungumzia baba aliyeishika rimoti hiyo akakataa kuiachia. Twaomba mtuvumilie, kwani baba huyo ni mmoja katika sisi tunaoiandika safu hii. Ni yupi, hatutasema.

Mwanawe, mtoto wa miaka tisa, aliletewa na mjomba wake kutoka Maskati ndege ya sponji nyeupe yenye pangaboi dogo puani. Baada ya swala ya alasiri tulitoka sote kwenda kiwanjani. Baba akasema ataijaribu kwanza, ili mtoto asije akaiharibu. Betri ya ndege kama ile hudumu dakika saba au nane, na baba aliijaribu kwa dakika zote hizo. Kazi ya mtoto ikawa ni kukimbia kuiokota ilipoanguka na kuirudisha. Jioni ile mtoto alirudi nyumbani bila kuigusa rimoti, naye baba alikuwa amefurahi sana.

Siku ya pili mtoto aliichukua kwa siri, akairusha peke yake nyuma ya nyumba, ikagonga ukuta na bawa likakatika. Aliifunga katika kanga kuukuu akaisukuma chini ya kitanda. Ilipita wiki nzima kabla ya mama yake kuikuta wakati wa kufagia. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kuwa alijua baba atagomba.

Jibu hilo, ndugu wasomaji, ndilo lililotushughulisha. Ikiwa mtoto anaogopa kumwambia baba yake habari ya bawa la sponji, tutarajie nini siku atakapokuwa na miaka kumi na sita, akawa na jambo ambalo haliwezi kufungwa katika kanga? Na ni nani aliyemfundisha hofu hiyo, kama si sisi tulioithamini ndege kuliko yeye mwenye ndege?

Sisi wenyewe tulikua na vishada. Tulichonga chelewa, tukabandika karatasi kwa ubwabwa, tukashona mkia kwa vitambaa, na kishada kilipokatika uzi kikaenda zake baharini, hakuna mzee aliyejua. Kilikuwa hakina bei, kwa hiyo hakikuwa na wa kukichunga. Ndege hii ya leo imenunuliwa kwa fedha, na pindi fedha inapoingia katika mchezo wa mtoto, mtu mzima hujiona ndiye mlinzi wake. Lipo pia jambo la pili ambalo wanaume hatupendi kulikiri: tunaitamani. Wengi wetu hatukupata kitu kama hicho utotoni, na sasa tumekipata kwa jina la mtoto.

Wapo watakaotuambia kuwa yote haya ni laghwi, na kwamba mtoto afadhali apelekwe chuoni akahifadhi. Chuoni aende, na ahifadhi. Lakini tumkumbuke Mtume (s.a.w.), aliyerejea kutoka katika safari ya vita, upepo ukalifunua pazia, akaona midoli ya Bibi Aisha (r.a.) na katikati yake farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Dawud. Aliuliza farasi gani huyu mwenye mabawa, naye akajibiwa kwa hoja ya farasi wa Nabii Suleiman (a.s.), akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hali kadhalika mtoto Abu Umair alipofiwa na kijindege chake alichokuwa akicheza nacho, Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa ni kijindege tu. Alimwita kwa jina la heshima kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za ndege wake. Mfano huo unamtosha baba atakayeletewa bawa lililovunjika.

Ama kuhusu israfu, hapo tunakubaliana na wasemaji. Asiye na uwezo asikope kwa ajili ya ndege ya kuchezea. Sponji la kufungia televisheni likikatwa vizuri, likatiwa sarafu puani, hupaa kwa kurushwa kwa mkono, na mtoto hujifunza kwalo nusu ya elimu yote.

Na elimu hiyo si haba. Ndege ikiwa nzito nyuma hunyanyua pua, husimama hewani kisha huanguka. Ikiwa nzito mbele hupiga mbizi. Mahali pa kuishika ipate mizani ni karibu na robo au theluthi ya upana wa bawa, kuhesabu kutoka ukingo wa mbele, na mtoto hulijua hilo kwa ncha za vidole viwili kabla hajalisoma darasani. Hurushwa kwa kuelekezwa kule upepo utokako, si kule uendako. Katika miezi ya kusi ndege nyepesi huchukuliwa kama jani, lakini jua likikaribia kuzama upepo mara nyingi hutulia, na ndiyo saa nzuri. Tena lipo lile fumbo linalowashinda wazee: ndege inapokuacha, kulia kwako ndiko kulia kwake, inapogeuka kukujia, kulia kwako kumekuwa kushoto kwake. Mtu mzima hapo huchanganyikiwa akaipeleka mchangani. Dawa yake ni kukisukuma kijiti cha rimoti upande ule ule ambao bawa limeinama, kana kwamba unalitia mhimili. Mtoto yule wa miaka tisa alilielewa jambo hili kwa siku moja. Baba yake angali anajifunza.

Mkia nao usidharauliwe. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, amesimulia juu ya Abbas ibn Firnas wa Kordoba, Mwislamu wa karne ya 9, kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka, lakini akaumia mgongo wakati wa kutua kwa kuwa hakujitengenezea mkia, ilhali ndege hutua kwa mkia. Tulipowasimulia watoto kisa hicho, mmoja wao, binti wa miaka saba, aliuliza kama mama yake Ibn Firnas alijua anakokwenda. Hatukuwa na jibu. Na kwa kuwa tumemtaja binti, tuseme pia kuwa rimoti haina jinsia. Msiwaache mabinti pembeni wakishikilia viatu vya kaka zao.

Kipo kisa kingine, cha mbali na kwetu, ambacho kimetufaa zaidi. Mwaka 1878 huko Marekani, Milton Wright, askofu wa kanisa, alirudi kutoka safari na kitu alichokificha mikononi. Mbele ya wanawe wawili wadogo, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7, alikirusha hewani: kidude cha mwanzi, kizibo na karatasi, kikizungushwa na mpira uliosokotwa. Kikapanda mpaka darini. Wavulana wakakichezea hadi kikavunjika, kisha wakatengeneza vingine vya kwao, vidogo na vikubwa, wakashangaa kuona kuwa vikubwa haviruki vizuri kama vidogo. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao waliirusha ndege yao yenye injini huko North Carolina, na mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12, ikaenda mita 37 tu. Mei 1910 mzee Milton, akiwa na umri wa miaka 81, alipakiwa katika ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliyeiongoza alikuwa Orville. Mzee alikaa kama abiria, na neno alilomwambia mwanawe huko juu lilikuwa ni kumtaka apande juu zaidi.

Mzee yule alikirusha kidude mara moja tu, kisha akakiacha. Sisi tulikaa na rimoti mpaka betri ikaisha.

Kuacha hakuna maana ya kutojali. Betri hizi za lithiamu zina hatari ya moto: zisitiwe chaji usiku watu wamelala, wala zisiachwe bila mtu karibu, na iliyovimba isitumike tena. Pangaboi dogo hukata kidole. Ndege isirushwe juu ya watu, barabarani wala karibu na nyaya za umeme, na kamwe isirushwe jirani na uwanja wa ndege au kambi ya jeshi. Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya zina kanuni juu ya vyombo virushwavyo bila rubani, na mwenye kutaka kurusha kikubwa, au chenye kamera, aulize kwanza kabla ya kununua. Hizo ndizo kazi za baba. Kushika vijiti si kazi yake.

Mmoja wetu aliyetajwa mwanzo aliliunga bawa kwa gundi na njiti za meno, mtoto akishikilia. Halikunyooka sawasawa. Ijumaa baada ya alasiri tulirudi kiwanjani, na safari hii mtoto ndiye aliyeshika rimoti na baba ndiye aliyekuwa mkimbiaji, kanzu ameifunga kiunoni, jambo ambalo liliwafurahisha mno vijana waliokuwa wakicheza mpira. Ndege ilianguka mara nne. Kila ilipoanguka baba aliuliza swali moja tu: ilikuwaje? Na mtoto akaeleza, mara ya kwanza kwa woga na kwa maneno mawili, mara ya nne kwa hotuba ndefu yenye upepo, mkia na mwanga wa jua machoni.

Mara ya tano ilipaa vizuri, ikazunguka kiwanja mara mbili, kisha ikaingia katika mwembe wa jirani na kukwama juu kabisa. Mtoto alimtazama baba yake. Baba alikuwa akiutazama mwembe, na kabla hajasema neno, adhana ya magharibi ikasikika. Jirani ameahidi kutuazima ngazi.