Mrija Bila Daftari

Dhahabu ya Geita hainunuliwi kwa kutazamwa tu. Tangu soko la kwanza la madini nchini lilipofunguliwa mjini Geita mwezi Machi 2019, mchimbaji mdogo hupeleka dhahabu yake mahali inapopimwa uzito na kiwango cha usafi, kisha huondoka na karatasi yenye maelezo hayo. Hakuna mnunuzi mwenye akili timamu anayetoa fedha kwa kuwa tu kipande kinang'aa.

Katika mikoa hiyo hiyo ya Geita na Shinyanga iko mali nyingine ambayo thamani yake haionekani kwa macho. Mali hiyo ni mrija wa plastiki, mwembamba kuliko kalamu, wenye mbegu za fahali bora zilizogandishwa. Mfugaji hulipia mrija huo, ng'ombe wake hupandishwa, na aghalabu hakuna anayeuliza fahali huyo ni nani, wazazi wake ni akina nani, wala mirija yake mingine imekwenda wapi. Hapana budi desturi hiyo ibadilike. Mrija usiokuwa na daftari ni bahati nasibu, na bahati nasibu si msingi wa ufugaji.

Benki yenye vyumba viwili

Benki ya mbegu za madume si jambo geni Afrika Mashariki. Kenya ilianzisha kituo chake cha Kabete mwaka 1946. Uganda ina kituo Entebbe. Tanzania inacho Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha, ambacho huhudumia Kanda ya Ziwa kupitia kituo cha Mwanza.

Msingi wa kisayansi wa benki hizo uligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1949. Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walionyesha kwamba mbegu zikichanganywa na gliseroli huweza kugandishwa na kuyeyushwa zikiwa hai. Leo mirija huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo shughuli za kemia ndani ya chembe husimama, na mbegu huweza kungoja miaka mingi. Fahali hufa, naye huendelea kuzaa.

Wingi wa uzao huo unakadirika kwa hesabu nyepesi. Tuseme fahali anapovunwa mara moja hutoa mililita 6, na kila mililita ina mbegu bilioni 1. Mrija mmoja ukitiwa mbegu milioni 20, mavuno ya asubuhi moja hutosha mirija 300. Fahali wa kijiji hupanda ng'ombe wachache kwa mwaka. Fahali wa benki aweza kuwa baba wa maelfu. Kwa hiyo wema wake huenea haraka, na kasoro yake vilevile.

Ndiyo maana benki iliyo kamili ina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha mitungi, na cha pili ni cha daftari. Katika daftari huandikwa namba ya fahali, aina yake, baba na mama yake, maziwa ya mama huyo, vipimo vya magonjwa kama brusela, na wepesi au ugumu wa kuzaliwa kwa ndama wake. Kisha huandikwa tarehe ya kuvuna, idadi ya mirija, mahali ilikopelekwa na iliyobaki. Chumba cha mitungi hustaajabiwa na kila mgeni, lakini chumba cha daftari ndicho kinachoipa mirija maana.

Hasara ya kutokujua

Kwanza, ng'ombe wa asili wa Usukumani ni zebu wa pembe fupi, mwenye mwili mdogo na ustahimilivu mkubwa wa jua, kupe na kiangazi. Mtamba wake akipandishwa kwa mbegu za fahali ambaye ndama wake huzaliwa wakubwa, huenda akashindwa kuzaa, na mfugaji akapoteza mama na mtoto kwa siku moja. Habari ya kuzuia msiba huo ni mstari mmoja tu katika daftari la benki.

Pili, kuna kiwango cha damu. Mtoto wa zebu na fahali wa Friesian ana nusu ya damu ya kigeni. Akipandishwa tena kwa Friesian, uzao wake una robo tatu, na unaofuata saba ya nane. Maziwa yaweza kuongezeka, lakini mahitaji ya majani, maji na dawa huongezeka pia. Shinyanga ni nchi ya kiangazi kirefu, ambako malisho hutunzwa katika ngitili ili mifugo ivuke miezi ya ukame. Asiyejua kiwango cha damu ya ng'ombe wake hajui aendelee na Friesian, arudi kwa zebu, au atafute mbegu za ng'ombe wa Mpwapwa, aina iliyozalishwa nchini mahsusi kwa nyanda kavu.

Tatu, kuna hatari ya baba kumpanda binti yake. Kutoka siku ya uhimilishaji hadi kuzaliwa kwa ndama ni miezi tisa hivi, na yapita miaka mingine miwili au zaidi kabla mtamba huyo hajawa tayari kupandishwa. Ikiwa mtungi wa wilaya bado una mirija ya fahali yule yule, na hakuna aliyeandika, binti atapewa mbegu za baba yake. Kanuni za urithi zinaonyesha kwamba katika ndama atakayezaliwa, wastani wa robo ya jozi za jeni zitakuwa nakala mbili za jeni moja ya fahali huyo. Hapo ndipo maradhi yaliyojificha hujitokeza.

Mfano maarufu unatoka Marekani. Fahali wa Holstein aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962, alipata mabinti zaidi ya 16,000, na maziwa ya ukoo wake yalileta utajiri mkubwa. Lakini alibeba badiliko katika jeni moja, ambalo mimba ikilipata kutoka kwa wazazi wote wawili hufa tumboni. Badiliko lenyewe lilitambuliwa mwaka 2016, na wanasayansi wakakadiria kwamba lilikwisha kusababisha kufa kwa mimba zipatazo 500,000 duniani. Jambo la kuzingatia ni lile lililofuata. Kwa kuwa koo zilikuwa zimeandikwa, wafugaji waliweza kupima fahali na kuepuka kukutanisha wabebaji wawili. Habari sahihi humfanya hata fahali mwenye kasoro atumike kwa usalama; ukosefu wa habari humfanya hata fahali mwema awe hatari.

Wala jambo hili si la ng'ombe peke yake. Mwaka 2025 ilibainika Ulaya kwamba mbegu za mwanamume mmoja, zilizotolewa kwa benki ya Denmark, zilibeba badiliko la jeni linaloongeza sana hatari ya saratani, na watoto wapatao 200 walikuwa wamezaliwa kwazo katika nchi mbalimbali. Kila nchi ilikuwa na hesabu yake, lakini hapakuwa na mpaka mmoja wa jumla uliofungamanisha nchi zote. Ikiwa wenye mitambo ya kisasa waliteleza hapo, wafugaji wa ng'ombe hawana sababu ya kudhani kwamba kumbukumbu zitajitunza zenyewe.

Mirija iliyopo na isiyokuwapo

Upande wa pili wa daftari ni hesabu ya akiba. Joto la ng'ombe hudumu chini ya siku moja, na la zebu mara nyingi ni hafifu, huanza usiku na kupita bila kuonekana. Likipita, mfugaji hungoja siku 21 hivi. Mhimilishaji anayefika na kukuta kwamba mirija inayofaa imekwisha huwa na njia mbili tu: kumwacha ng'ombe, au kutumia mrija wowote uliopo. Njia ya pili ndiyo inayozaa makosa yaliyotajwa hapo juu.

Hesabu hiyo ihusishe pia naitrojeni, maana hiyo huvukiza kila siku. Mtungi ukikauka, mbegu hufa, lakini mrija hubaki na sura ile ile na maandishi yale yale. Bila daftari la ujazo wa mtungi, mfugaji aweza kulipia mbegu zilizokufa wiki nyingi zilizopita, kisha akamlaumu ng'ombe wake kuwa ni tasa.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo watakaosema kwamba kwanza ipatikane mirija, barabara na naitrojeni, na daftari lije baadaye. Hoja hiyo ina uzito, kwani uhaba ni wa kweli. Lakini daftari ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote, na ndicho pekee kisichoweza kununuliwa baadaye. Naitrojeni iliyokosekana mwaka huu yaweza kuletwa mwakani. Jina la baba lisiloandikwa leo huenda lisijulikane tena. Mtamba huzaliwa Shinyanga, huuzwa mnadani, huishia kwa mfugaji anayeuza maziwa Katoro au mjini Geita, na historia yake yote hubaki njiani.

Wengine watasema mfugaji wa kijijini hawezi kusoma orodha ya mafahali. Huenda ni kweli kwa baadhi ya wazee, lakini wazee hao hao huwajua ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa mama aliyewazaa. Wanachohitaji ni maandishi yaungane na ujuzi huo, na nyumba nyingi sasa zina kijana wa sekondari.

Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 imekwisha kutoa njia, kwani mnyama husajiliwa na kupewa alama yake. Yafaa namba ya fahali aliyemzaa iandikwe pamoja na usajili huo. Yafaa pia kila wilaya ibandike hadharani, kila mwezi, orodha ya mirija iliyomo mtungini: fahali gani, aina gani, imebaki mingapi. Naye mhimilishaji asiondoke zizini kabla hajaacha karatasi yenye namba iliyochapwa juu ya mrija.

Walimu wa baiolojia na kilimo wana nafasi yao. Somo la urithi lisiishie kwenye njegere za Mendel. Mwanafunzi wa Kahama, Kishapu au Bukombe apewe kazi ya kuandika ukoo wa ng'ombe watano wa nyumbani au wa jirani: mama, baba, tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa. Atakapokuta safu ya baba iko tupu, atakuwa ameliona tatizo lenyewe, na atakuwa na sababu ya kumwuliza mhimilishaji swali ambalo mchuuzi wa dhahabu haachi kuliuliza: mali hii imetoka wapi, na imepimwa na nani?