Matuta si bahati nasibu

Pita kijiwe chochote kuanzia Tandale mpaka Mbagala Rangi Tatu, asubuhi baada ya moja ya timu zetu kutolewa kwa matuta, utasikia kauli ile ile kwa muuza kahawa, kwa bodaboda, na kwa mzee mstaafu aliyevaa jezi ya msimu wa juzi: "Aah, penalti bwana, bahati nasibu tu." Vikombe vinazungushwa, kesi imefungwa. Usiku uliopita kocha alishaisema mbele ya kamera, msemaji wa klabu akaidaka, na mchambuzi wa redio akaitia chumvi. Sijui imani nyingine ya soka ambayo Simba na Yanga wanakubaliana bila kugombana.

Mimi siikubali. Matuta ni kazi kama kazi nyingine ya mpira, ina fundi wake na mazoezi yake, na sisi tumeamua kutoifanya. Neno bahati tunalitumia kujifichia.

Bahati nasibu halisi ilikuwepo, na ilifutwa. Tarehe 5 Juni 1968, mjini Naples, Italia na Umoja wa Kisovieti walicheza nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, dakika 120 zikaisha bila bao. Ikarushwa sarafu. Italia wakapata upande wao, wakaenda fainali na kombe wakalibeba. Miaka miwili baadaye watunga sheria za mpira wakaidhinisha mikwaju ya penalti, ili kazi ya mwaka mzima isiamuliwe tena kwa sarafu iliyorushwa hewani. Matuta yaliletwa kuifukuza bahati. Sisi tumeirudisha kwa mlango wa uani na kuipa kiti.

Tazama rekodi yetu wenyewe. Aprili 2022, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika: Simba waliishinda Orlando Pirates 1-0 Uwanja wa Mkapa, pale Temeke, wakafungwa 1-0 Afrika Kusini, wakatolewa kwa matuta 4-3. Aprili 2023, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa: Simba 1-0 Wydad hapa nyumbani kwa bao la Jean Baleke, wakafungwa 1-0 kule Casablanca, matuta 4-3, kwaheri. Aprili 2024 zamu ya Yanga: 0-0 Dar, 0-0 Pretoria, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa matuta 3-2. Aprili tatu mfululizo, robo fainali tatu, zote ugenini. Bahati nasibu gani hii yenye kalenda?

Hiyo ya Pretoria inauma zaidi. Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, bado wanalia na lile shuti la Aziz Ki lililogonga mtambaa panya na kudunda chini, wakisema lilivuka mstari, na kilio chao nakielewa. Lakini baada ya hapo kulikuwa na matuta, na langoni mwa Sundowns alisimama Ronwen Williams. Miezi miwili tu kabla ya siku hiyo, tarehe 3 Februari, dunia nzima ilimwona Williams akipangua penalti nne za Cape Verde katika robo fainali ya AFCON. Nne, katika mechi moja. Kwa hiyo Yanga ilipokwenda Pretoria, ilijua fika kwamba sare ya bila mabao inaipeleka kwa mtu huyo. Aziz Ki, ambaye msimu ule alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi yetu, akakosa. Dickson Job na Ibrahim Bacca nao wakakosa. Kesho yake tukaambiwa ni bahati nasibu.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Canada. Kule wana mpira wao, binamu wa ule wa Marekani, wa mikono na helmeti na mpira wenye umbo la yai. Kila timu inaajiri mtu ambaye kazi yake kubwa ni kupiga tu. Hakimbii na mpira, hakabi. Anakaa pembeni na koti lake kwenye baridi, anasubiri, kisha anaitwa. Mwenzake anaudaka mpira uliorushwa nyuma, anausimamisha chini kwa kidole, na kabla hujamaliza kusema "bismillahi" mabeki wa upande wa pili wameshafika. Aupitishe katikati ya nguzo mbili, au arudi kukaa na aibu yake. Hayo ndiyo maisha yake. Ni mtu wa penalti aliyegeuza penalti kuwa ajira.

Na ajira yenyewe inadumu. Lui Passaglia aliipigia BC Lions ya Vancouver misimu 25, kuanzia 1976 hadi 2000, akaondoka na pointi 3,991. Katika fainali ya mwaka 1994, mbele ya watu wa nyumbani, timu zikiwa sare, alikosa shuti la ushindi dakika za mwisho kabisa. Muda kidogo baadaye akaitwa tena, umbali wa kama mita 35, mchezo wa mwisho wa mechi. Akapiga, ikapita, 26-23. Hapo mtu wa kijiweni atasema alikuwa na bahati ya kupata nafasi ya pili. Sawa, nafasi ilikuja yenyewe. Mguu je, nao ulikuja wenyewe?

Ninayempenda zaidi ni Paul McCallum. Mwaka 2001, akiwa na Saskatchewan Roughriders, alipiga shuti la yadi 62, yaani karibu mita 57, likapita. Mwaka 2004, katika mechi ya kuingia fainali, muda wa nyongeza, akapewa shuti la yadi 18. Mita 16 na ushei! Akakosa. Mashabiki wakarusha mayai nyumbani kwake. (Msidhani kukosa ustaarabu kwa mashabiki ni tatizo la Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani peke yao.) Ingekuwa hapa kwetu, kijana angekuwa amemaliza kazi, na stori ingekuwa kwamba kauza mechi. McCallum alirudi mazoezini. Mwaka 2006 akiwa na BC Lions alipiga mashuti sita yaliyopita katika fainali moja, wakabeba kombe. Mwaka 2011, akiwa na miaka 41, msimu mzima alipiga 53, yakapita 50. Mcheza bahati nasibu hawezi kushinda mara 50 kati ya 53. Fundi anaweza.

Atatokea wa kuniambia hao ni wazungu wenye vifaa, sisi tuna mazingira yetu. Basi turudi nyumbani, kwa Juma Kaseja.

Mwaka 2003 Simba chini ya James Siang'a, Mkenya aliyekuwa kipa enzi zake, walikwenda Cairo kwa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Walikuwa wameshinda 1-0 Dar, wakafungwa 1-0 Cairo, wakaenda kwenye matuta, na Kaseja, kijana mdogo kabisa, akawavusha 3-2. Piga hesabu mpaka 2019. Kaseja sasa mtu mzima, wengi walishamweka kwenye kabati la kumbukumbu. Kocha Etienne Ndayiragije anamrudisha Taifa Stars. Agosti, Kasarani, Nairobi, mchujo wa CHAN: 0-0 na Kenya, matuta, Stars 4, Kenya 1. Septemba, uwanja wetu wa Temeke, mchujo wa Kombe la Dunia: 1-1 na Burundi, matuta, Stars 3, Burundi 0. Warundi watatu walipiga, hakuna aliyefunga. Nielezeni ni bahati gani hiyo inayomfuata mtu yule yule kwa miaka 16, kutoka Cairo mpaka Nairobi mpaka Temeke, huku ikiwakimbia makipa wengine.

Wala si Kaseja peke yake. Agosti 2023, Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, Ally Salim alipangua penalti tatu za Yanga. Aprili 2025 Simba ikaitoa Al Masry kwa matuta 4-1 Uwanja wa Mkapa, Moussa Camara akidaka mbili. Usiku ule sikusikia mtu akisema bahati nasibu. Nilisikia "kipa ana akili", "kipa kawasoma". Yaani tukishinda, kipa kawasoma. Tukishindwa, bahati. Na jua likichomoza, aliyekosa ameshakuwa msaliti aliyekula hela. Sasa tuchague: kama ni bahati nasibu, mpigaji hana kosa, mwacheni alale. Kama ana kosa, basi kulikuwa na namna sahihi ya kupiga, na namna sahihi hufundishwa.

Lakini nani anafundisha? Kaa pembeni ya uwanja wowote wa mchangani, Tandika, Kigogo, Manzese, siku ya ndondo. Filimbi ya mwisho, sare. Wachezaji wamelala chali, mmoja anafunguliwa soksi, mwingine anamwagiwa maji ya mfuko kisogoni. Kocha anainama katikati yao na kuuliza, "Nani yuko fiti? Nani anapiga?" Kimya. Mmoja anakumbuka kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Mwingine anakohoa. Mwishowe anasukumwa nahodha, kwa sababu ni nahodha, na yule fundi wa chenga, kwa sababu ana chenga, kana kwamba chenga na tuta vimezaliwa tumbo moja. Beki aliyejitolea ni yule asiyejali kitu. Orodha ya wapigaji imeandikwa katika dakika tatu ambazo hakuna mtu anayepumua vizuri. Vijana hao ndio wanaopanda mpaka Ligi Kuu, na tabia hiyo wanapanda nayo.

Kumbe hakuna zoezi la bei rahisi kuliko hili. Halihitaji nyasi bandia wala kifaa chochote cha kutoka Ulaya. Mpira mmoja, hatua kumi na mbili, magoli ya milingoti, kipa mwenye wivu. Mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka kweli, kila mchezaji apige tuta kwenye kona moja ya goli aliyoichagua mwenyewe, na mtu aandike kwenye daftari: nani, upande gani, imeingia au imetoka. Baada ya miezi mitatu kocha hana haja ya kuuliza nani yuko fiti. Anafungua daftari.

Najua jibu lililo tayari: mazoezini hakuna watu 60,000 wanaozomea. Kweli hawapo. Ila presha ikikupata una kitu cha kushika ni tofauti na ikikupata mikono mitupu. Waingereza walitolewa kwa matuta Kombe la Dunia 1990, 1998 na 2006, wakawa wanasema maneno haya haya ya kijiweni. Mwaka 2018 Gareth Southgate, ambaye yeye mwenyewe alikosa mwaka 1996, akayafanya matuta kuwa somo la mazoezi miezi kadhaa kabla. Wakaitoa Colombia 4-3, mara yao ya kwanza kushinda matuta Kombe la Dunia. Na sikatai kwamba nguzo ipo, upepo upo, na kipa anaweza kuruka upande sahihi kwa kubahatisha. Mambo hayo yapo kwenye kona na kwenye mpira wa adhabu pia, lakini kona tunazifanyia mazoezi.

Imani hii ya bahati nasibu ina ndugu zake wawili, na wote wanaishi mitaani kwetu. Mmoja ni kamati ya ufundi, ile isiyohusika na ufundi wowote, inayopewa bajeti ya kumwaga vitu vya mganga getini usiku wa manane. Ingependeza nusu ya bajeti hiyo impate mtu wa kuangalia video za makipa wa wapinzani. Wa pili ni mkeka wa kubeti. Kijana wa Kinondoni anayechana mkeka kila Jumapili ameshazoea kuona matokeo kama kitu kinachodondoka kutoka juu, na hafikirii tena kwamba kuna watu walioyaandaa tangu Jumanne.

Waandishi wenzangu wa michezo nao wana sehemu yao. Kocha akisema "bahati nasibu" tunaitikia kwa kichwa, tunaandika, tunakimbilia daladala. Safari ijayo, pale chumba cha mikutano Uwanja wa Mkapa, mmoja wetu anyanyue mkono amuulize: kocha, wapigaji wako watano walikuwa wameandikwa tangu lini, na lile daftari tunaweza kuliona?